Msimu wa gofu ya kulipwa maana yake nini?

Aliyezoea ligi ya soka akisikia "msimu wa DP World Tour", ziara ya mashindano ya gofu inayozunguka dunia, huanza kutafuta vitu ambavyo havipo: timu, mzunguko wa kwanza na wa pili, mechi za nyumbani na ugenini, bingwa aliyekutana na kila mpinzani wake. Gofu ya kulipwa haina hayo. Msimu wake ni mfululizo wa mashindano yanayojitegemea, kila moja na bingwa wake, kombe lake na fungu lake la fedha. Yanaunganishwa na vitu viwili tu: jedwali moja la pointi, na kadi. Jedwali ndilo linaloandikwa magazetini. Kadi ndiyo inayomnyima mchezaji usingizi, na kwangu mimi hapo ndipo msimu wenyewe ulipo.

Kadi ni haki ya kucheza. Mwenye nayo hujaza jina lake kwenye mashindano ya msimu mzima na kupokewa; asiye nayo huomba mwaliko au hubaki nyumbani. Haidumu. Hupatikana kwa msimu, hutetewa kwa msimu, na wengi huipoteza kwa msimu mmoja tu mbaya.

Nitaeleza kwa kutumia DP World Tour kwa sababu ndiyo inayopita kwetu Nairobi. Ziara hii ya wanaume ilianza rasmi mwaka 1972 kama ziara ya Ulaya, na kwa miaka kumi ya kwanza ilibaki Ulaya kweli. Mwaka 1982 ilivuka bahari hadi Tunisia, mwaka 1989 ikafika Dubai. Tangu 2009 jedwali lake la msimu linaitwa Race to Dubai, yaani mbio za kwenda Dubai, na kuanzia msimu wa 2022 ziara yote ikachukua jina la mdhamini wake, DP World, kampuni ya bandari ya Dubai. Wasomaji wa Tanzania wanaijua kampuni hiyo kwa jambo jingine kabisa: ndiyo inayoendesha sehemu ya Bandari ya Dar es Salaam.

Kalenda yake huwachanganya wengi. Msimu wa 2025 ulianza Novemba 2024, Brisbane nchini Australia, ukamalizika Dubai tarehe 16 Novemba 2025. Yalikuwemo mashindano 42 katika nchi 26. Msimu hubeba jina la mwaka unaomalizikia, na huanza mapema hivyo kwa sababu ya nyasi na jua. Kuanzia Desemba hadi Machi viwanja vingi vya Ulaya vimelowa au vimeganda, kwa hiyo ziara hufuata joto: Australia, Afrika Kusini, Mauritius, kisha nchi za Ghuba, kisha Kenya mwezi Februari, wakati Nairobi bado kukavu kabla ya mvua za masika. Halafu Asia, na ndipo inarudi Ulaya majira ya joto. Siku hizi sehemu kubwa ya msimu imegawanywa katika mikondo mitano kufuatana na safari hiyo, na anayeongoza kila mkondo hupata zawadi ya ziada ya dola 200,000.

Wiki moja ya shindano huenda hivi. Kwa kawaida wachezaji 144 au 156 huanza Alhamisi, mashimo 18 kwa siku, hadi Jumapili yatimie mashimo 72. Lakini si wote wanaofika Jumapili. Baada ya mashimo 36, Ijumaa jioni, hupitishwa mchujo: 65 wa juu wanaendelea, pamoja na wote waliofungana na yule wa 65. Waliobaki wanafungasha.

Nikienda kuangalia Kenya Open, shindano la ziara hii jijini Nairobi, siku hiyo sifuati kundi la vinara. Nasimama karibu na shimo la mwisho na kuwaangalia walio kwenye mstari wa mchujo. Utamwona mtu anapiga mpira wa hatua mbili, umbali ambao mimi na wewe tungeucheka, na mikono yake haitulii. Mpira ukipita pembeni, wiki imekwisha. Tiketi ya ndege amelipa, hoteli amelipa, kedi wake, yaani mbeba vijiti vyake, anasubiri ujira, na yeye hana fungu katika zawadi. Mchezaji anaweza kupata pigo hilo wiki nne mfululizo na bado ni mchezaji hodari kuliko yeyote utakayemwona klabuni kwako. Tangu 2023 ziara imeweka ahueni, na nadhani ilichelewa: mwenye kadi aliyecheza angalau mashindano 15 huhakikishiwa mapato ya dola 150,000 kwa msimu, gharama zote zikiwa juu yake.

Wanaopita mchujo hugawana fedha na pointi, na mgawanyo ni mkali. Kenya Open ya 2025 ilikuwa na fungu la dola milioni 2.5, Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini, aliyeshinda, alichukua asilimia 17 peke yake. Zaidi ya fedha hizo, kwa ushindi huo kadi yake ya msimu uliofuata ilikuwa tayari mfukoni tangu Februari. Wengine waliendelea kuitafuta hadi Oktoba.

Pointi hazilingani kutoka shindano hadi shindano. Yapo matano makubwa ya ziara yenyewe, likiwemo la Wentworth nje ya London na lile la kufungia Dubai, na fungu la kila moja ni dola milioni 9 au zaidi. Na yapo yale manne yanayotambulika dunia nzima kuwa vilele vya gofu: Masters ya Augusta mwezi Aprili, PGA Championship, US Open na The Open. Haya manne hayamilikiwi na ziara yoyote, ila pointi zake huhesabiwa. Ndiyo maana Rory McIlroy, ambaye hucheza mashindano machache ya ziara hii kwa mwaka, aliongoza jedwali la 2025 kwa mara yake ya saba: alishinda Masters Aprili ile. Mwenye rekodi bado ni Colin Montgomerie wa Scotland, mara nane, saba kati ya hizo mfululizo kuanzia 1993 hadi 1999. Kulinganisha msimu wa McIlroy na wa yule anayezunguka Bahrain, Qatar, Kenya na India kila wiki ni kulinganisha safari mbili tofauti zilizoandikwa kwenye daftari moja.

Ushindi nao huhesabiwa tu ukiwa ndani ya kalenda. Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda Kenya Open mwaka 1978, na mwaka huohuo akawa kinara wa Ulaya. Lakini ushindi wa Nairobi haukumwongezea chochote kule. Kenya Open, iliyoanza 1967, iliingia kwenye kalenda ya ziara kuu mwaka 2019 tu, baada ya miaka mingi kwenye ngazi ya pili iliyoitwa Challenge Tour.

Ikifika Oktoba, jedwali linakatwa mara kadhaa. Wachezaji 70 wa juu huenda Abu Dhabi, 50 wa juu humalizia Dubai. Hao hawana shida. Mstari unaouma uko chini zaidi, nafasi ya 110 na kidogo, ambapo kadi za msimu ujao zinaishia. Kwa msimu wa 2025 shindano la mwisho kabla ya mstari huo lilikuwa Korea Kusini. Aliyeangukia chini yake alibakiwa na mlango mwembamba: mtihani wa kufuzu karibu na Tarragona, Uhispania, raundi sita, mashimo 108, na kadi takriban 20 tu kwa wote waliokusanyika. Kadi nyingine karibu idadi hiyo hupandishwa kutoka ngazi ya pili.

Juu nako kuna mlango. Tangu 2023, kumi wa juu kwenye jedwali ambao hawana haki ya kucheza PGA Tour ya Marekani hupewa kadi ya huko, penye fedha nyingi zaidi. Wamarekani nao wana msimu wao na hesabu yao. Kwa miaka kumi, kuanzia msimu wa 2013–14, ulianza mwaka mmoja na kuishia mwingine. Tangu 2024 umerudi kufuata kalenda, Januari hadi Agosti, ukifungwa na mbio za FedEx Cup zilizoanzishwa 2007.

Wakenya wanaocheza Kenya Open huingia zaidi kwa nafasi za mwenyeji, bila kadi. Watu huuliza kama kuna maana kuwaweka humo ikiwa wengi huondoka Ijumaa. Mwaka 2009 Shane Lowry wa Ireland alialikwa Irish Open, shindano la ziara hii huko kwao, akiwa mchezaji wa ridhaa. Akashinda. Fedha za bingwa hakuruhusiwa kuzigusa, lakini kadi aliruhusiwa kuichukua, akageuka mchezaji wa kulipwa siku chache baadaye. Miaka kumi mbele alishinda The Open. Kanuni hiyo ingali hai: mwalikwa atakayeongoza Jumapili jioni pale Nairobi anaweza kuamka Jumatatu akiwa na kadi.