Jua la Dodoma na suti ya kuzamia
Wengi wanaorudi Dodoma baada ya kuzamia Mafia au Unguja huamini kuwa jua kali la hapa ndilo linalofaa zaidi kuanikia vifaa. Kukauka, vitakauka kweli. Ila jua huondoa maji tu, chumvi inabaki. Na mionzi yake huuchakaza mpira, ukakakamaa na kupasuka.

Suuza kwanza. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi, lakini si kitu mbele ya bahari. Yatumie bila wasiwasi. Kisha geuza suti nje ndani, itundike kivulini kwenye henga nene. Upepo mkavu wa kiangazi unatosha.

Kuhakiki ni rahisi: pitisha kidole kwenye zipu iliyokauka bila kusuuzwa, utahisi chembe za chumvi. Vuta taratibu mkanda wa miwani uliozoea kuanikwa juani, uangalie nyufa kwenye mikunjo.