Uwatu hauchukui nafasi ya dawa ya kisukari

Ule ute wa uwatu ni kitu gani?
Loweka kijiko cha mbegu usiku. Asubuhi maji yanavutika kama mlenda. Ute huo ni galaktomanani, aina ya polisakaridi: sukari nyingi zilizoungana mnyororo mrefu ambao tumbo letu haliwezi kuumeng'enya. Maabara husaga mbegu, huondoa mafuta, huloweka unga, huchuja, kisha humimina ethanoli (aina ya alkoholi), na ute hujitenga kama nyuzi nyeupe. Ukivunjwa kwa asidi, hupatikana sukari mbili, manosi na galaktosi, karibu sawa kwa sawa.

Unashusha sukari?
Kidogo. Chakula kinakuwa kizito tumboni, sukari inaingia kwenye damu polepole. Basi. Hautengenezi insulini, homoni ya mwili inayoshusha sukari.

Kwa hiyo naweza kuacha vidonge?
Hapana.

Hata kipimo kikisoma vizuri?
Hapana, mzazi wangu. Kinasoma vizuri kwa sababu vidonge vinafanya kazi.

Na mtoto anayechoma sindano za insulini?
Hapana kabisa! Mwili wake hauna insulini yake. Akikosa sindano, asidi hujaa kwenye damu, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kupoteza fahamu. Nawasihi, msimjaribie mtoto.

Mbona jasho linanuka uwatu? Si sukari inatoka?
Hiyo ni harufu ya mbegu yenyewe. Mama mmoja alininyooshea mkono ninuse, amefurahi kweli, miezi miwili hajagusa dawa. Nikamchoma kidole kupima sukari: 23 mmol/L, juu mno. Alipovua soksi, kidonda cha wiki tatu kilikuwa kimeshaanza kuwa cheusi. Hakuwa anasikia maumivu. Angekuja wiki ya kwanza tungekisafisha tu.

Nisiutumie kabisa?
Kwenye chakula, tumia. Ukiunywa kila siku, tuambie, maana pamoja na dawa sukari inaweza kushuka mno. Achanisha na vidonge kwa saa mbili hivi. Mjamzito asiunywe kama dawa.

Nije hospitali lini?
Kidonda mguuni, hata kidogo: leo. Kiu isiyokatika na kukojoa kila mara: leo. Kutapika, kuhema kwa nguvu, pumzi inayonuka kama matunda yaliyoiva mno, usingizi usioeleweka: sasa hivi, hata iwe saa nane za usiku. Usiloweke mbegu ukasubiri asubuhi.