Kila kipande cha saa ya zamani kina mwaka wake

Novemba 2021, kwenye mnada mjini Geneva, saa ya Omega Speedmaster ya 1957 iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Uso wake mweusi ulikuwa umegeuka kahawia kwa uzee, jambo ambalo wakusanyaji wa saa hulipenda mno. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, iliyoitaka kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na vingi kati ya vipande hivyo vilikuwa halisi.

Watu wengi wanaotuletea saa tuzikague huuliza swali moja tu: ni halisi au ni feki? Swali hilo halitoshi. Saa inaweza kuwa na uso halisi, mashine halisi na kasha halisi, na bado isiwe saa iliyotoka kiwandani hivyo. La kuuliza ni kama vipande vyote ni vya mwaka mmoja na vya saa moja.

Anza na uso, kwa sababu ndiko kwenye sehemu kubwa ya thamani na ndiko wanakochezea zaidi. Uso uliopakwa rangi upya unaweza kupendeza sana kwa macho, kwa hiyo tumia lenzi inayokuza mara 10. Maandishi ya kiwandani yana kingo safi, na unene wa herufi haubadilikibadiliki. Yaliyorudiwa huvimba hapa na kukonda pale. Fuata mistari ya dakika ukizunguka uso mzima: kila alama ya saa ikae sawasawa kwenye mstari wake. Tazama pembeni mwa alama za chuma zilizobandikwa, maana rangi ya kupaka tena hujikusanya hapo. Mwisho shuka chini ya namba 6. Uso wa Kiswisi kwa kawaida una neno SWISS au SWISS MADE mahali hapo, na aliyepaka upya mara nyingi hulisahau au huliandika likakatwa na ukingo. Binafsi naona ni heri uso wenye madoa yake ya uzee kuliko uso mweupe kama wa jana ndani ya kasha lililochubuka kila upande.

Rangi inayong'aa gizani nayo ni shahidi mzuri. Kuanzia miaka ya 1960 watengenezaji wengi waliacha radiamu wakatumia tritiamu (zote mbili hutoa mionzi inayoiwasha rangi), na nyuso nyingi za Kiswisi zikaandikwa herufi T kando ya neno SWISS. Tritiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 12 hivi. Kwa hiyo saa ya 1970 yenye herufi hizo, ikimulikwa tochi, itang'aa kidogo na kuzima upesi. Ikiendelea kuwaka dakika nyingi gizani, rangi hiyo ni ya baadaye. Linganisha pia uso na akrabu, yaani mishale ya saa: akrabu zenye rangi nyeupe safi juu ya uso wenye alama za njano ya ukongwe huenda zimetoka kwingine. Akrabu ya dakika ikiishia njiani bila kuufikia mstari wa dakika, mara nyingi ni ya saa nyingine.

Hapa nina onyo. Radiamu ya saa za zamani haing'ai tena, lakini mionzi yake ipo na itakuwepo kwa karne nyingi. Usifungue saa ya namna hiyo ukaikwangua rangi, na unga wake usiuvute puani.

Kioo na kitufe cha kujazia saa hubadilishwa kwenye matengenezo ya kawaida, kwa hiyo sivihukumu kwa ukali. Viathiri bei tu. Kasha ni habari nyingine. Kung'arisha kila mara hula chuma: pembe zinazoshika mkanda hupoteza makali yake, na matundu ya pini huonekana yamesogea karibu na ukingo. Chuma kilichokwisha hakirudi.

Sasa tumgeukie muuzaji. Si kila kosa lake ni ulaghai. Wengi wamerithi saa au wameinunua kwa jumla, wanaandika wanachokiona. Anaiita saa “Incabloc” kwa kuwa neno hilo limeandikwa usoni, kumbe ni jina la mfumo wa kukinga mashine na mshtuko, unaopatikana kwenye saa za kampuni nyingi. Anaona “14K”, alama ya kiwango cha dhahabu, kwenye kasha la saa ya mfukoni ya Kimarekani, anatangaza dhahabu tupu, wala hasomi maneno yanayofuata: dhamana ya miaka 20 au 25. Dhamana hiyo inaeleza muda ambao tabaka la dhahabu lingedumu juu ya madini ya bei nafuu. Dhahabu tupu haihitaji kuhesabiwa miaka.

Mwaka wa kutengenezwa ndio hukosewa zaidi. Kwa Seiko za zamani, tarakimu ya kwanza ya namba iliyo mgongoni ni ya mwisho ya mwaka, na inayofuata ni mwezi, ambapo Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa O, N na D. Namba inayoanza na 2N ni Novemba ya mwaka unaoishia na 2, ila muongo haujatajwa. Muuzaji akiandika 1962 kwa saa yenye mashine ya 6139, amekosea, kwani mashine hiyo ilitoka 1969. Kwa saa za mfukoni za Elgin na Waltham, mwaka hutafutwa kwa namba ya mashine. Namba ya kasha haifanani nayo, na hilo si kasoro: mashine na kasha ziliuzwa mbalimbali, mnunuzi akachagua dukani.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, omba picha ya mashine, ya ndani ya mfuniko na ya uso iliyopigwa kwa karibu. Muuzaji akisema hana kifaa cha kufungulia, fundi saa yeyote anaweza kuifungua kwa dakika chache. Akikataa kabisa, mpe bei ya saa usiyoijua ndani. Ukishainunua na kuipeleka kwa fundi, mwambie kabla hajaanza kwamba asing'arishe kasha, asiguse rangi ya uso, na kila kipande atakachokibadilisha akurudishie.