Maziwa ya mama na kinga dhidi ya surua
Imani kwamba mtoto anayenyonya vizuri hawezi kuugua surua imedumu miaka mingi, nayo ina ukweli nusu tu. Kingamwili za surua, yaani protini za mwili zinazopambana na virusi vyake, humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, ndiyo maana mtoto njiti huzaliwa na akiba ndogo. Zile za maziwani hufanya kazi zaidi kwenye utando wa koo na utumbo, zikipunguza kuhara, jambo ambalo si dogo hata kidogo. Akiba ya damuni hupungua mwezi hadi mwezi, lakini ikiwa bado nyingi huidhoofisha chanjo, na kwa sababu hiyo Kenya na Tanzania hutoa dozi ya kwanza mtoto anapofikisha miezi 9, na ya pili miezi 18, awe ananyonya au ameachishwa.