Upasuaji wa kupunguza uzito si njia ya mkato

Maneno haya yapo miaka mingi: aliyepasuliwa ili apungue uzito amekwepa jasho, kalala mnene kaamka mwembamba. Si kweli, na yanawaumiza watu waliokwisha kuhangaika vya kutosha.

Kazi huanza kabla ya kisu. Wengi huwekwa kwenye mlo maalumu, mara nyingi wa vimiminika, kwa wiki mbili hivi, ili ini lipungue na daktari apate nafasi ya kulifikia tumbo. Njaa ya siku hizo si ya kusimuliwa.

Katika aina ya upasuaji huu inayofanywa zaidi duniani, huondolewa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula. Sehemu hiyo ndiyo hutoa kwa wingi grelini, homoni ya njaa. Ndiyo maana wagonjwa wengi husema kwamba, baada ya miaka mingi, chakula kimeacha kuwaandama akilini. Walikuwa wakiambiwa hawana nidhamu, kumbe mwili wenyewe ulikuwa ukidai.

Na baada ya hapo? Supu iliyochujwa, kijiko kwa kijiko. Vyakula vigumu husubiri wiki kadhaa. Hata miezi ikipita, tonge la ugali lililomezwa haraka laweza kukwama kifuani na kurudi. Wapo wanaonyonyoka nywele miezi ya mwanzo, ingawa kwa kawaida huota tena. Vitamini na madini humezwa maisha yote, na vipimo vya damu havikomi. Uzito kiasi huweza kurudi baada ya miaka, jambo ambalo madaktari hulitarajia wala hawaliiti uvivu.