“Faili iko, naiona”: dhana potofu kuhusu UnsatisfiedLinkError katika Java

Anayeandika Java jijini Nairobi, awe anatunza mfumo wa sacco pale Upper Hill au huduma ya malipo katika ofisi ya Ngong Road, hawezi kukwepa maktaba asilia kwa muda mrefu. Ni zile faili zilizoandikwa kwa C au C++: .so kwenye Linux, .dll kwenye Windows, .dylib kwenye macOS. Kifaa cha alama za vidole huja nazo, mizani ya dukani huja nazo, hata SQLite huingia kwenye Java kupitia mlango huo. Siku zinapokataa kupakiwa, Java hutupa UnsatisfiedLinkError, na hapo ushauri wa kurithishana huanza: ongeza njia, nakili faili kila folda, badilisha toleo la Java, zima seva uwashe tena.

Naamini sehemu kubwa ya ushauri huo imezaliwa na jambo moja: ujumbe wa hitilafu husomwa nusu. Ujumbe huu una kichwa na una mkia. Kichwa hutaja maktaba. Mkia, ule unaokuja baada ya nukta pacha, ndio unaotaja sababu, na mara nyingi si maneno ya Java bali ya mfumo endeshi wenyewe. Dhana nyingi zilizo hapa chini haziwezi kusimama mbele ya mtu aliyesoma mkia.

Dhana: “Java inasema faili haipo, na mimi naiona”

Hii ndiyo inayokula saa nyingi zaidi. Kijana wa ofisini atakuonyesha skrini: “Mkubwa, angalia, faili iko, naiona kwa macho yangu.” Na ni kweli iko. Kinachochanganya ni kwamba jumbe mbili tofauti kabisa zinachukuliwa kuwa moja.

Wa kwanza unasema “no kidole in java.library.path”. Hapo Java yenyewe ndiyo iliyotafuta maktaba (ya mfano, iitwayo kidole) kwenye java.library.path, orodha yake ya folda za maktaba, ikakosa. Matoleo ya karibuni huongeza orodha ya folda zilizokaguliwa, kwa hiyo jibu uko nalo mkononi. Kagua pia jina. System.loadLibrary("kidole") hutafuta libkidole.so kwenye Linux na kidole.dll kwenye Windows, ukiandika jina zima, “libkidole.so”, Linux itaenda kutafuta liblibkidole.so.so. Ukitaka kutoa njia kamili ya faili, tumia System.load.

Ujumbe wa pili una sura hii: “libfontmanager.so: libfreetype.so.6: cannot open shared object file: No such file or directory”. Hapa Java imeipata libfontmanager.so na kuukabidhi mfumo endeshi, nao umeifungua na kukuta inahitaji libfreetype.so.6, ambayo haipo. Kilichokosekana ni jina la pili. Ukikaa siku nzima ukihamisha libfontmanager.so kutoka folda hadi folda, hakuna kitakachobadilika.

Mfano huo sikuuokota hivihivi. Ni hitilafu ya kawaida sana kwenye mifumo inayochapisha taarifa za wanachama au kupanga upana wa safu za Excel ndani ya kontena, yaani kifurushi cha programu pamoja na mazingira yake, kama cha Docker. Kwenye kompyuta ya mezani kila kitu kinaenda sawa kwa sababu Ubuntu ya mezani huja na fonti na libfreetype tayari. Kontena jembamba la Debian halina. Weka libfreetype6, fontconfig na walau familia moja ya fonti, na PDF itatoka.

Njia ya kuthibitisha badala ya kukisia ni amri moja, inayoorodhesha tegemezi za maktaba na mahali zilipo:

ldd /opt/mfumo/lib/libkidole.so

Mstari wowote unaoishia na “not found” ndio mgonjwa wako. Iendeshe ndani ya kontena lenyewe, si kwenye kompyuta yako, maana majibu yatatofautiana. Tena, faili ikiwa umepewa na mtu usiyemwamini, acha ldd, kwa kuwa kuna hali ambapo inaweza kuendesha msimbo uliomo. Tumia readelf -d, inayosoma tu. Kwenye Windows mambo ni magumu zaidi, kwani ujumbe wa “Can't find dependent libraries” hautaji ni ipi. Programu huria iitwayo Dependencies itakuchorea mti mzima, na mara nyingi utakuta kinachodaiwa ni VCRUNTIME140.dll au ndugu yake wa zamani MSVCR100.dll, yaani ile pakiti ya Visual C++ ya Microsoft ambayo kompyuta mpya ya mteja haikuwekewa.

Dhana: “Weka -Djava.library.path, mambo yataisha”

Sifa hiyo humsaidia Java kupata maktaba ya kwanza tu. Tegemezi za maktaba hiyo hutafutwa na mfumo endeshi, ambao haujui wala haujali java.library.path. Linux huangalia LD_LIBRARY_PATH na njia zilizochomekwa ndani ya faili yenyewe, kisha orodha inayotengenezwa na ldconfig, halafu folda za kawaida za mfumo. Windows hutegemea sana PATH. Ndiyo maana mtu anaweza kuziweka faili zote mbili kwenye folda moja, akaitaja folda hiyo kwenye java.library.path, na bado moja ikapatikana na nyingine isionekane. Ukitaka kuona upekuzi huo hatua kwa hatua, tanguliza LD_DEBUG=libs kabla ya amri ya java. Itamwaga maandishi mengi, lakini kila folda iliyoguswa itaonekana.

Wapo pia wanaoandika System.setProperty("java.library.path", ...) mwanzoni mwa main. JVM, yaani injini inayoendesha programu za Java, husoma thamani hiyo mara moja inapoanza, kwa hiyo kuibadilisha baadaye hakuna athari. Ule ujanja wa kuingia ndani ya ClassLoader (kipakiaji cha klasi) na kufuta uga wa sys_paths ulizibwa kuanzia Java 12. Ukiukuta kwenye msimbo wa zamani, uondoe kabisa na upeleke mpangilio kwenye hati inayoanzisha programu.

Dhana: “Mashine yangu ni biti 64, haiwezi kuwa shida ya biti”

Nenda Luthuli Avenue, Nairobi, ununue kifaa cha alama za vidole cha bei nafuu; uwezekano ni mkubwa kwamba diski inayokuja nacho ina DLL ya biti 32. Unaiunganisha na programu yako ya Java na kupata: “Can't load IA 32-bit .dll on a AMD 64-bit platform”. Mwenye prosesa ya Intel husoma neno AMD na kudhani ameuziwa kitu cha kompyuta nyingine. Ujumbe hauzungumzii chapa ya prosesa. AMD64 ni jina la usanifu wa biti 64 ambao AMD iliubuni na Intel wakaufuata.

Kinachoamua si Windows wala prosesa, ni JVM. JVM ya biti 64 haipakii DLL ya biti 32, na JVM ya biti 32 haipakii ya biti 64, hata zikiwa kwenye mashine moja. Kuna mtego mwingine hapa uliowakamata wengi: kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye faili za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye za biti 32. Hujasoma vibaya. Anayenakili DLL ya biti 32 kwenda System32 kwa kufuata jina la folda ameipeleka kusikofaa.

Dawa ya kweli ni kumdai muuzaji DLL ya biti 64. Asipokuwa nayo, tenganisha kazi: programu ndogo inayoendeshwa na Java ya biti 32 ishughulike na kifaa, izungumze na mfumo mkuu kupitia soketi ya ndani ya mashine. Huo ni mpango wa muda na unapaswa kuhesabiwa hivyo, kwa sababu JDK 24 ya mwaka 2025 iliondoa kabisa toleo la Windows la biti 32.

Upande wa Mac hadithi ni hiyo hiyo kwa vazi jipya. Mwenye kompyuta ya M1 au ya baada yake anajenga kontena la aarch64 (usanifu wa ARM) bila kukusudia, kisha seva ya x86-64, jina jingine la AMD64, inalikataa. Au kontena ni sahihi lakini .so iliyomo ndani ni ya usanifu mwingine. Mkia wa ujumbe mara nyingi huwa na maneno “Possible cause:” yakifuatwa na majina ya pande zote mbili. Amri ya file ikielekezwa kwenye maktaba itakuthibitishia.

Dhana: “Linux ni Linux”

Timu nyingi hupenda Alpine, aina ndogo ya Linux, kwa sababu kontena lake ni dogo, na kwa anayelipia data ya kupakua na kupakia makontena, udogo huo una thamani halisi. Lakini Alpine haitumii glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux nyingi, inatumia mbadala wake uitwao musl, ilhali maktaba nyingi zilizojengwa tayari zimejengwa juu ya glibc. Wanaotumia Kafka, mfumo wa kupitisha jumbe kati ya programu, wameuona ujumbe huu: “Error loading shared library ld-linux-x86-64.so.2: No such file or directory”, ukifuatwa na jina la faili ya snappy iliyoko /tmp. Snappy, maktaba ya kubana data, yenyewe ipo. Kinachokosekana ni kipakiaji cha glibc, ambacho Alpine haina. Pakiti ya gcompat huokoa baadhi ya hali. Mimi huchagua kontena jembamba la Debian na kukubali megabaiti za ziada, kwa sababu kuigiza glibc kwenye mfumo unaoshika pesa za watu ni hatari isiyo ya lazima.

Hata kati ya mifumo yenye glibc, umri una maana. Ukijenga maktaba kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, kisha ukaipeleka kwenye CentOS 7, yenye 2.17, utaambiwa “version GLIBC_2.34 not found” au namba nyingine ya karibu. Glibc mpya hupokea maktaba zilizojengwa zamani. Ya zamani haipokei mpya. Kwa hiyo jenga kwenye mfumo mkongwe zaidi kati ya ile unayoihudumia. Na tafadhali sana, usinakili libc.so.6 mpya juu ya ile ya seva. Karibu kila amri kwenye mashine hiyo inaitegemea, na ukikosea hata ls haitafanya kazi.

Dhana: “Kila kitu kimo ndani ya JAR”

Kimo, ila hakiendeshwi kikiwa humo. Mfumo endeshi hauwezi kupakia maktaba iliyofungwa ndani ya JAR, ile faili ya kufungashia programu za Java, kwa hiyo sqlite-jdbc, JNA, snappy na Netty huitoa kwenye folda ya muda, kwa kawaida /tmp, kisha huipakia kutoka huko. Seva iliyokazwa usalama mara nyingi huwa na /tmp yenye noexec, mpangilio unaokataza kuendesha msimbo kutoka humo. Matokeo: “failed to map segment from shared object: Operation not permitted”. Watu hukimbilia chmod 777, na haisaidii, kwani katazo ni la diski nzima, si la faili. Wengine humwomba msimamizi aondoe noexec. Hilo si sawa, noexec imewekwa pale ilinde seva. Elekeza maktaba kwenye folda nyingine inayomilikiwa na programu yako: org.sqlite.tmpdir, jna.tmpdir, org.xerial.snappy.tempdir, au io.netty.native.workdir, kulingana na unayoitumia.

Dhana: “Nimeweka catch (Exception e), nimejikinga”

UnsatisfiedLinkError ni Error, haitokani na Exception, kwa hiyo inapita pembeni ya catch hiyo. Ikitokea ndani ya kizuizi cha static, klasi nzima huharibika, na kila anayeigusa baadaye hupata NoClassDefFoundError yenye “Could not initialize class”. Mtu anayesoma mwisho wa logi ataanza kutafuta JAR iliyopotea, na hakuna iliyopotea. Panda juu ya logi hadi hitilafu ya kwanza kabisa.

Kuhusu kuzima na kuwasha Tomcat, seva ya programu za Java: hiyo si imani tupu, inafanya kazi kweli. Maktaba asilia hufungwa kwa kipakiaji kimoja cha klasi, na ukipeleka toleo jipya la programu bila kuzima, kipakiaji kipya hukuta “already loaded in another classloader”. Ila huwezi kuzima seva kila unapobadilisha mstari mmoja. Weka JAR inayopakia maktaba hiyo kwenye folda ya lib ya Tomcat, nje ya programu, ili ipakiwe mara moja tu.

Dhana: “Imepakiwa, basi imekubali”

Wakati mwingine hitilafu inakuja baadaye, ikitaja mbinu: “'int ke.co.mfano.Kidole.fungua()'”. Maktaba imeingia, kazi yenye jina linalotarajiwa ndiyo haikupatikana. Java inatafuta Java_ke_co_mfano_Kidole_fungua. Ukihamisha klasi kwenda pakiti nyingine, jina hilo hubadilika na .so ya zamani haitajua. Kama ni C++ na umesahau extern "C", kompaila imelipindua jina. nm -D itakuonyesha lililomo kweli.

Dhana: “JDK mpya imevunja maktaba zangu”

Kuanzia JDK 24, kupakia maktaba asilia kupitia JNI, daraja la zamani kati ya Java na C, huleta onyo, na programu huendelea kama kawaida. Onyo hilo huondoka kwa --enable-native-access=ALL-UNNAMED, au kwa mstari wa Enable-Native-Access kwenye manifesti ya JAR unayoiendesha. Na wale wanaohamia kwenye njia mpya ya kuita C iliyokamilishwa katika Java 22 wajue kwamba tegemezi, biti na glibc bado vinawasubiri pale pale. Kinachobadilika ni jina la hitilafu: SymbolLookup.libraryLookup ikikosa maktaba hutupa IllegalArgumentException, kwa hiyo kama mfumo wenu wa kufuatilia logi umewekwa ulie kwa UnsatisfiedLinkError pekee, ongezeni na hiyo.