Jini, komeo na mwizi: dhana potofu kuhusu hadithi za fumbo zilizochanganywa na aina nyingine, kama za majini, vitisho au vichekesho

Dhana: Jini akiingia, fumbo limekufa.

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi hapa Mombasa, nayo huwafanya watu wakiweke kando kitabu kizuri kabla hakijawashika. Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox, naye mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliandika kanuni kumi za fani hiyo, moja ikikataza mambo ya kimiujiza. Alikuwa na sababu: mtunzi aliyekwama asije akamwita jini amalizie kesi.

Dawa yake ipo. Msomaji aambiwe mapema jini anaweza nini na hawezi nini. Tuseme hadithi iko Kibokoni. Bangili za bibi harusi zimetoweka kashani, na nyumba nzima inamsingizia jini wa kisimani. Ukurasa wa kwanza umeshatuambia jini huyu hagusi chuma. Ukurasa wa tatu, kama jambo la kupita tu, mjomba anatia mafuta komeo la kasha, maana limeshika kutu. Basi! Aliyefungua kasha ni binadamu, na aliyetujulisha ni jini mwenyewe.

Dhana: Lazima pawe na maiti na askari.

La. Panatakiwa swali linalomsumbua msomaji, pamoja na vidokezo vya haki vya kulijibu. Barua zinazofika kila Ijumaa kwenye nyumba iliyohamwa zinatosha kabisa.

Dhana: Hadithi fupi ni ndogo mno kubeba fumbo.

Hadithi ya Edgar Allan Poe ya 1841, ambayo wengi huihesabu kuwa chanzo cha upelelezi wa kisasa, ni fupi. Tena ina vitisho tele, na muuaji wake ni orangutangu! Mpelelezi wa vitabuni Sherlock Holmes naye ana hadithi fupi 56, riwaya 4 tu.

Dhana: Kuchanganya ni mtindo wa kigeni.

Hili linaniuma, kwa sababu linafuta kazi ya wakubwa wetu. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyochapishwa 1960, inaanzia na maiti iliyokutwa mzimuni, mahali panapoogopwa, kisha mpelelezi Bwana Msa anaingia na akili yake kavu. Hofu ya mizimu na upelelezi viko pamoja tangu kurasa za mwanzo.

Dhana: Katika mkusanyiko wa hadithi kama hizi, moja ikikuchosha, wote ni mbovu.

Ruka, soma inayofuata. Huenda hiyo ni ya kuchekesha, au inatokea Likoni miaka mia ijayo.